Kusikia si Kusikiliza

Lugha yetu ina kitenzi kinachobeba mzigo mzito: kusikia. Sauti twaisikia, harufu twaisikia, hata njaa na baridi twavisikia. Mzee wa hapa Janga akisema, "Mtoto huyu hasikii," hana maana kwamba masikio yake yameziba. Ana maana kwamba hatii. Kwa hiyo kusikia ni kutii pia.

Kusikiliza ni jambo jingine. Ni kutega sikio kwa makusudi, kama hakimu anavyosikiliza kesi: pande zote mbili husema kabla hajakata shauri. Na kusikilizana ni kupatana. Mume na mke wasiosikilizana huenda wanasikiana vizuri sana, hata majirani nao wakasikia.

Mwaka 1973 uliziweka maana hizi mbili kwenye mizani. Katikati ya mwaka ule iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya nchi nzima, kwa muda wa wiki 12. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya Radio Tanzania na kusomewa vijitabu. Lakini redio ilipozimwa kazi ilikuwa bado. Kiongozi wa kikundi aliwauliza wenzake: Je, haya yako kwetu? Tufanye nini? Wakajadiliana habari za malaria, safura na kichocho, kisha wakaamua wenyewe kuchimba vyoo na kufyeka vichaka.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa shamba awe amekwisha kuhamia kijijini. Nia ilielezwa: shule, zahanati na maji visingeweza kumfuata kila mtu kwenye shamba lake. Hata hivyo, mkulima aliyeulizwa katikati ya mwaka, "Mwaonaje?", sasa aliulizwa tu, "Mmesikia?" Wengi walihamishwa kwa nguvu, wakaacha minazi, mikorosho na makaburi ya wazee wao.

Wapo watakaosema kwamba hata vikundi vile vilipangwa kutoka juu, na ni kweli. Redio husema, haina sikio. Walakini mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya wanakijiji, na choo alichoamua mtu kukichimba mwenyewe hakuhitaji kusimamiwa.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliupa kila mtu mzima wa kijiji nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Hiyo ni baraza ya kusikilizana. Lakini mara ngapi mkutano hufungwa kwa swali lile lile, "Jamani, mmesikia?", nasi tukaitikia kwa pamoja, "Tumesikia!" kisha tukatawanyika? Jibu hilo ni la watu waliotii. Bado halijatuambia kama kuna aliyesikilizwa.