a.out: jina lilitoka wapi?

Ukiandika programu ya C kwenye Linux kisha ukaipa gcc bila maelezo zaidi, hupati faili yenye jina ulilolitarajia. Unapata a.out. Nimeona wanafunzi wakidhani mashine imeharibika. La hasha! Jina hilo lina umri kuliko C yenyewe.

Turudi Marekani, Bell Labs, mwaka 1969. Ken Thompson anaunda Unix juu ya PDP-7, tarakilishi yenye maneno 8192 tu ya kumbukumbu (neno moja biti 18). Akaiandikia asembla. Programu ya kuunganisha vipande haikuwepo, kwa hivyo asembla ilisoma faili zote ulizoipa kwa mpigo mmoja na kutoa programu iliyo tayari kuendeshwa. Jina la kilichotoka lilikuwa moja tu, a.out: a ya asembla, out ya kutoka. Hukuulizwa.

C ikazaliwa kati ya 1971 na 1973, wakati huo Unix imeshahamia PDP-11. Kiunganishi kikaja, na njia ya kujichagulia jina ikaja, lakini jina la zamani likaachwa pale pale. Dennis Ritchie alilieleza hili mwenyewe katika makala yake ya 1993 kuhusu historia ya C.

Muundo wa ndani wa faili nao ukaitwa a.out. Kwenye PDP-11 ulianza na namba 0407, ya msingi wa nane, ambayo pia ni amri halali ya mashine: ruka maneno 7 yanayofuata. Yaani faili inaruka kichwa chake yenyewe! Ujanja huu naupenda sana.

Linux ilihamia muundo wa ELF miaka ya tisini, na mwaka 2022 kerneli ikafuta kabisa uwezo wa kuendesha a.out. Lakini gcc bado inaita faili ya ELF, iliyotolewa na kiunganishi, a.out. Jina linadanganya mara mbili.

Uongo huo hauumizi mtu. Kinachoumiza ni kwamba a.out huwekwa kwenye folda uliyosimama, hata kama kodi yako iko kwingine, na inafuta a.out iliyotangulia bila kukuonya. Ukikusanya zoezi la pili, la kwanza limekwenda, ukiandika./a.out unajaribu programu tofauti na unayoifikiria. (javac huweka faili ya .class kando ya kodi, kwa jina la klasi.) Basi andika:

gcc -o hesabu hesabu.c