Kifaa cha baa kilichoingia chumba cha upasuaji

Mwaka 1889, katika mji wa bandari wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, fundi saa Johann Heinrich Dräger na mshirika wake walianzisha kampuni iliyouza, pamoja na mambo mengine, mitambo ya kumimina bia. Bia ilisukumwa kutoka kwenye pipa kwa gesi ya kaboni dioksidi iliyoshindiliwa katika mtungi wa chuma, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Katika joto la kawaida, gesi hiyo ina mgandamizo unaozidi mara 50 ule wa hewa ya kawaida. Pipa halihitaji nguvu hiyo. Vali za wakati ule ziliitoa gesi kwa mishindo, na bia ikageuka povu.

Dräger na mwanawe Bernhard wakatengeneza vali waliyoiita Lubeca, iliyotoa gesi taratibu na kwa kiasi sawasawa. Rigyuleta za leo hufanya kazi hiyo kwa kiwambo chembamba: springi hukisukuma upande mmoja, na gesi iliyokwisha kupita hukisukuma upande wa pili. Gesi ikizidi, tundu hujibana, ikipungua, hufunguka.

Kutoka baa hadi hospitalini haikuwa safari ndefu. Mwaka 1902, kwa ushirikiano na daktari Otto Roth, kampuni hiyo ilitoa mashine ya kulaza wagonjwa usingizi kwa oksijeni na klorofomu. Sasa kosa la vali halikumwaga tena bia. Liligusa pumzi ya mtu.

Oksijeni, kwa kweli, haina mzaha. Mtungi uliojaa huweza kuwa na mgandamizo wa bari 200. Vali ikifunguliwa ghafla, gesi hujikandamiza ndani ya rigyuleta na kupata joto kali. Likiwapo tone la mafuta au grisi, huwaka. Ndiyo maana fundi mwangalifu hulegeza kwanza skrubu ya kurekebishia, husimama kando, kisha hufungua vali ya mtungi polepole. Wala hachukui rigyuleta ya gesi nyingine akaifunga kwenye oksijeni, hata kama inaonekana kuingia. Katika nchi nyingi, viungio vya gesi ziwakazo kama asetilini hukazwa kwa kuzungushwa kushoto, ili mkono wenye haraka ukatae kukosea.