Kutoka shoka hadi ndege: vita ya wadudu na ndege waharibifu Shinyanga

Juni 1938, Charles Swynnerton alipanda ndege kwenda Dar es Salaam kuvishwa nishani ya CMG. Hakufika. Ndege ilianguka, akafa pamoja na mtaalamu wake wa mimea, B. D. Burtt. Kituo cha utafiti wa mbung'o cha Old Shinyanga kikapoteza kwa mpigo mkurugenzi wake na mtu aliyevijua vichaka vya Tanganyika mti kwa mti.

Swynnerton aliongoza utafiti huo tangu 1929, lakini silaha zake Shinyanga zilikuwa za ardhini. Nyasi zilichomwa mwishoni mwa kiangazi zikiwa zimekauka sawasawa, na wananchi waliitwa kwa maelfu kupitia watemi wao wakafyeke vichaka. Mbung'o akikosa kivuli hadumu. Hata Geita, iliyofunguliwa kwa walowezi wa Kisukuma baada ya Vita ya Pili ya Dunia, kazi kubwa ilikuwa kufyeka.

Kunyunyiza dawa kutoka angani kulianza Ohio, Marekani, Agosti 1921. Kwetu kulishika kasi baada ya Vita ya Pili ya Dunia, DDT ilipopatikana. Kitengo cha utafiti kilichoanzishwa Entebbe 1945, baadaye kikahamia Arusha na kuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, kilijaribu ndege juu ya vichaka vya mbung'o. Kwa Usukuma, sifa naipa shoka.

Siku hizi ndege ya dawa huitwa hasa kwa ajili ya kweleakwelea, ndege waharibifu wanaokula mtama na mpunga ungali shambani. Hunyunyiziwa jua likizama, makundi yanaporejea kulala, na hapo ndipo ugumu ulipo. Rubani anaruka chini mno, mwanga unafifia, na ndege hai wametanda mbele ya rafadha. Injini ikizimika hana muda wa kutafakari. Hugeuza kasi aliyonayo kuwa kimo kidogo, humwaga mzigo wa dawa, kisha hutua mbele yake. Akijaribu kukata kona kurudi uwanjani, mabawa hupoteza nguvu ya kumbeba.

Katika baadhi ya ndege za zamani tangi la dawa lilikuwa nyuma ya rubani, likiweza kumponda ndege ikigonga ardhi. Mhandisi Fred Weick, ambaye ndege yake ya Ag-1 iliruka 1950, alikuja kulipeleka mbele na kumkalisha rubani juu, nyuma yake. Piper Pawnee ya 1959 ikafuata mpango huo. Kwangu, huo ndio uvumbuzi uliookoa marubani wengi.

Ukitazama kutoka juu, Shinyanga ni tambarare ya kumwita rubani atue. Lakini majaruba yana matuta yanayonasa magurudumu, na udongo mweusi wa mbuga ukilowa huibinua ndege kifudifudi. Shamba la pamba lililokwisha kuvunwa ni afadhali.

Hatari haiishii hapo. Queletox, dawa ya kweleakwelea, ni sumu ya mishipa ya fahamu na hupenya ngozi. Wanaokimbilia kumtoa rubani waje kutoka upande upepo unakotoka, wasikanyage kilichomwagika, na kweleakwelea waliodondoka wasiokotwe kwa kitoweo.