Tarehe 1 Desemba: Siku Moja na Watu Wake



Katika kitabu hiki cha jubilei mtakuta tarehe nyingi: siku misioni ilipofunguliwa, siku kengele ilipopandishwa mnarani, siku vijana wetu wa kwanza walipopewa upadri. Wenye kutayarisha kitabu walituomba sisi makatekista tuandike neno juu ya maana ya kushika tarehe. Tumeona vema tusizunguke sana. Tutachukua siku moja tu ya kalendari, ile inayofungua mwezi wa mwisho wa mwaka, nasi tutatazama ni akina nani wanaokaa ndani yake.

Kwanza yatupasa kuondoa hofu. Wako watu kwetu wanaoogopa siku yenyewe. Husema: tarehe hii ni ya damu, usianze safari, usitoe posa. Hata watoto wa katekisimu wameyasikia maneno hayo nyumbani, nao hutuuliza. Sisi huwajibu kwa habari tuliyofundishwa seminari ndogo. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII alisahihisha kalendari, kwa maana hesabu ya zamani, ile ya Julius Caesar, ilikuwa imebaki nyuma ya jua kwa siku 10. Huko Hispania waliolala tarehe 4 Oktoba waliamka tarehe 15. Usiku uleule Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki, nasi hata leo twamkumbuka tarehe 15. Siku 10 zilifutwa kwa amri ya Papa, wala hakuna aliyepungukiwa na kitu. Basi tarehe ni hesabu ya watu. Haina uchawi, haina mkosi.

Hata hivyo Eklezya imezishika tarehe tangu zamani sana. Katika karne ya pili, Polikarpo, askofu wa Smirna, alipokwisha kuuawa kwa moto na upanga, Wakristu wake waliiokota mifupa yake, wakaiandikia Eklezya nyingine kwamba watakusanyika kila mwaka kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Angalieni neno hilo. Hawakumaanisha siku aliyozaliwa na mamaye, maana hiyo hawakuiandika. Walimaanisha siku aliyouawa. Kwa Kilatini tulifundishwa kuiita dies natalis. Wapagani wa mji walihesabu siku hiyo kuwa ya ushindi wao, Wakristu wakaichukua mikononi mwao.

Sasa tuifungue tarehe yetu. Wa kwanza tunayemkuta humo ni Edmund Campion, Mwingereza, mtoto wa mwuza vitabu wa London, msomi aliyesifiwa na malkia mwenyewe kule Oxford. Aliacha heshima hiyo, akawa Myezuiti, akarudi kwao kwa siri mwaka 1580 kuwahudumia Wakatoliki waliokatazwa Misa. Walimkamata mwaka uliofuata, wakamtesa, wakamwua kule Tyburn tarehe 1 Desemba 1581 pamoja na mapadri wawili wenzake. Kijana mmoja, Henry Walpole, alikuwa amesimama karibu kama mtazamaji tu. Damu ya padri ilimrukia nguoni. Kijana huyo akawa Myezuiti, naye akauawa vilevile mwaka 1595. Papa Paulo VI alimwandika Campion katika orodha ya watakatifu mwaka 1970.

Wa pili ni Charles de Foucauld, nasi twapenda kukaa kwake kidogo. Alizaliwa Strasbourg mwaka 1858 katika ukoo bora wa Ufaransa. Alipokuwa kijana alipoteza imani, akawa askari mvivu, mpenda karamu. Alisafiri Moroko akijifanya Myahudi ili asitambulikane, na huko sala ya Waislamu ilimtikisa moyo. Mwaka 1886 aliungama katika kanisa la Mtakatifu Augustino kule Paris. Toka hapo hakutaka tena kitu kingine: alikuwa mmonaki wa Trapa, akawa mtumishi wa masista kule Nazareti, akapewa upadri mwaka 1901, akaenda kukaa jangwani, kwanza Béni Abbès, kisha Tamanrasset kati ya Watuareg. Aliandika kamusi kubwa ya lugha yao. Alikomboa watumwa wachache kwa fedha yake, akawalaumu wakubwa wa Kifaransa waliouvumilia utumwa. Hata hivyo tusimpambe kupita kweli: alikuwa rafiki ya maofisa wa jeshi la ukoloni, na ndani ya boma lake ziliwekwa bunduki za serikali. Mtu aweza kuwa mtakatifu naye akawa mtoto wa wakati wake.

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1916, ambayo ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mtu aliyemfahamu alibisha mlangoni akisema ameleta barua. Padri akafungua. Waliojificha wakamshika, wakamfunga mikono. Kijana aliyewekwa kumlinda aliona askari wawili wa ngamia wakija, akashikwa na hofu, akapiga risasi. Hivyo tu. Hakuna hukumu, hakuna neno la mwisho lililoandikwa. Alikuwa ametunga sheria ya shirika la ndugu, lakini siku ile hakuwa na ndugu hata mmoja kando yake. Ndugu Wadogo wa Yezu walianza mwaka 1933 tu, na Dada Wadogo mwaka 1939. Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Ni miaka 105 na zaidi tangu risasi ile. Wenye haraka ya kuona matunda ya kazi zao katika parokia, na sisi tumo, tuihesabu miaka hiyo polepole.

Siku hiyo haikai na Wakatoliki peke yao, wala na waliouawa peke yao. Tarehe 1 Desemba 1955, kule Montgomery katika Marekani, mama mshonaji aitwaye Rosa Parks, Mkristu wa Eklezya ya Kimetodisti, alikataa kumwachia mzungu kiti chake ndani ya bisi. Walimfunga. Watu weusi wa mji wakaacha kupanda bisi siku 381, wakienda kazini kwa miguu, mpaka sheria ile ya ubaguzi ikaondolewa. Mchungaji aliyewaongoza, Martin Luther King, alikuwa na miaka 26 tu walipoanza.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1964 ulikuwa mwaka wa Simba, na wazee wetu husema tu «wakati wa Mulele», bila kuongeza neno. Agosti waasi waliuteka mji wa Kisangani. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Kisangani, na tarehe 26 wakashuka Isiro, iliyoitwa wakati ule Paulis. Waliwachukua wageni, wakaondoka kesho yake. Wenyeji walibaki na hasira ya Simba. Siku ileile ya 26, Askofu Wittebols wa Wamba aliuawa.

Tarehe 29 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Siku hiyo Simba walifika Bafwabaka, kwenye nyumba ya Masista wa Jamaa Takatifu, wakawapakia masista wote katika kamio. Kati yao alikuwamo Sista Marie-Clémentine, binti wa Wamba, mwenye miaka 24, aliyekuwa amefunga nadhiri mwaka 1959. Wazazi wake walimwita Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Waliomwandikisha shuleni walikosea, na kosa hilo la daftari limekaa mpaka altareni. Twamwomba radhi kila mara tunapoandika vitabu vya ubatizo kwa haraka.

Masista walilala Ibambi, na siku ya pili wakapelekwa Isiro. Usiku ule kanali mmoja alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa. Kanali mwingine, Olombe, alitaka kumpakia kwa nguvu katika motokari pamoja na Sista Bokuma. Alikataa tena. Walipigwa kwa vitako vya bunduki. Sista Bokuma alivunjwa mkono. Anuarite, kati ya mapigo, alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa maana hajui anachofanya. Walimchoma visu, kisha Olombe akampiga risasi. Ilikuwa saa saba hivi ya usiku, tarehe 1 Desemba. Masista wenzake waliona yote, na kwa ushuhuda wao twayajua.

Tarehe 15 Agosti 1985, kule Kinshasa, Papa Yoane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri, na katika mahubiri yake yeye mwenyewe alimsamehe mwuaji kwa jina la Eklezya yote. Hivi tarehe 1 Desemba ikawa sikukuu ya nchi yetu. Ni siku ya Charles wa jangwani pia, lakini katika altare zetu humwachia binti wa Wamba nafasi ya mbele, nasi twadhani hakasiriki, yeye aliyetafuta siku zote mahali pa mwisho.

Tungeweza kuachia hapa, lakini tungewadanganya. Miaka michache iliyopita, baada ya Misa ya sikukuu hiyo, mzee mmoja wa shirika letu alitungojea mlangoni mwa kanisa. Baba yake alichukuliwa katika vita vilevile, si na Simba, bali na watu wenye bunduki waliokuja baada yao. Walimwona na chale kipajini, wakasema ni za dawa ya Simba. Zilikuwa za ugonjwa wa kichwa, alizochanjwa zamani. Hakurudi, na kaburi halijulikani.

«Katekista,» mzee alituambia, «ninyi mwajua usiku wa Anuarite, mwajua hata saa. Baba yangu alikwenda wakati karanga zilipochanua. Misa yake niiombe tarehe gani?»

Tulimjibu kwamba iko tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote. Alisema hiyo ni ya wote. Yeye anatafuta ya mmoja. Hatukuwa na jibu jingine. Tulikwenda nyumbani na aibu ya mtu aliyefundisha kalendari miaka mingi bila kujiuliza ni nani asiyemo.

Kwa ruhusa ya padri tulinunua daftari. Tukatangaza kwamba jioni ya tarehe 30 Novemba, katika kesha, yatasomwa majina ya wale ambao siku yao haijulikani, nao watapokea siku ya Anuarite iwe yao. Mwaka wa kwanza yaliletwa majina 9. La tisa lililetwa na mama mmoja mzee, nalo lilikuwa jina la kaka yake. Watu walinung'unika, kwani kaka huyo alikuwa Simba, na wote walimjua. Halmashauri ya parokia ilibishana jioni nzima. Wengine walisema tutaichafua sikukuu. Wengine waliuliza Anuarite alimsamehe nani basi usiku ule. Sisi tuliopewa kusoma hatukujua la kusema. Tulisoma yote 9.

Mzee wetu aliposikia jina lile alitoka nje. Mwaka uliofuata hakuja. Mwaka wa tatu tulimwona amekaa nyuma karibu na mlango, na alipotajwa baba yake aliinuka, akabaki amesimama mpaka mwisho wa orodha, nasi hatukuthubutu kumwuliza kwa nini.

Daftari liko sakristia. Mwenye jina alilete kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, atuandikie vizuri, na jina la nyumbani pamoja na la ubatizo, tusije tukakosea tena.