Mtumba

Mtumba ulikuwa mzigo kabla ya kuwa koti. Ni lile robota la bidhaa ambalo wapagazi wa karne ya 19 walibeba kutoka pwani kwenda bara. Baadaye, hasa biashara ilipolegezwa miaka ya 1980, marobota yakaja na nguo kuukuu za Ulaya, na jina la mzigo likawa la kilichomo. Wapo walioziita kafaulaya, yaani za mtu aliyekufa Ulaya. Jina hilo silipendi, maana wengi waliozivaa kwanza wako hai.

Familia ikienda sokoni, mama hupekua, watoto hujaribu. Kisha kazi ni ya fundi cherehani: apunguze kiuno, akunje pindo, sketi pana ya mtu mzima itoe gauni la mtoto, na kipande kinachobaki kiwe mfuko.