Wundt, Lambo na Sisi wa Kambini
Anayeanza saikolojia chuo kikuu, mara nyingi hukutana kwanza na jina la Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Sawa. Ila mimi nakaa na vijana wa kambi, na jina la pili ningetaka liwe Thomas Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria. Mwaka 1954, kule Aro, Abeokuta, wagonjwa wa akili hawakufungiwa wodini. Walipanga vyumba kwa wanakijiji, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia na kumwangalia; matibabu wakayafuata hospitalini. Waganga wa jadi nao Lambo aliwashirikisha.

Ndugu zetu wa mashirika, kijana akizidiwa na mawazo, msiishie kumhoji ofisini. Ulizeni pia: nani anakula naye?