Mbung'o, Malale na Swali la Mwanahistoria

Hapa Butula ukisema unasoma historia chuo kikuu, watu hudhani unakariri wafalme na vita. Mimi nikiwajibu kwamba nasoma habari za mbung'o, wanacheka.

Lakini hebu tumtazame Ibn Khaldun. Tauni ilipoingia Tunis mwaka 1348 na 1349, alikuwa kijana wa miaka kama 17, na ikamchukulia baba na mama. Alipoandika Muqaddima mwaka 1377 hakutaja watawala peke yao. Alieleza pia hewa, chakula na maradhi, na jinsi vinavyojenga miji au kuibomoa.

Nasi tulikuwa na msiba wetu. Kati ya 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua watu wanaokadiriwa kufika 250,000 kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa Busoga, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Mwaka 1903, huko Entebbe, Castellani na Bruce walionyesha kwamba unatokana na kimelea kinachobebwa na mbung'o. Daktari akishapata jibu hilo, mwanahistoria ndiyo kwanza anaanza kuuliza: kwa nini wakati ule?

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe Afrika Mashariki. Kisha Busoga ikapigwa na njaa. Mifugo na mashamba yakipungua, kichaka hurudi, na mbung'o naye hurudi. John Ford, mtaalamu wa wadudu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba Waafrika walikuwa na njia zao za kuishi na mbung'o: kufyeka, kulima na kulisha mifugo. Ukoloni ulivuruga mpango huo.

Nyanya yangu hakukubali kichaka kisogelee zizi. Shuleni tuliambiwa mambo ya wazee ni ushamba tu, nami nikaamini. Leo naona haya, kwa sababu ile ilikuwa elimu, ila haikuandikwa.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Alhamdulillah. Lakini ndugu yangu, wanaokumbuka habari zake wanaondoka mmoja mmoja. Ramadhan hii, baada ya futari, kaa na babu au nyanya, umuulize, kisha uandike.

Wabillahi tawfiq.